Chuo kikitaka kupanua kiwanja, jirani ana siku chache za kusema

Miaka kadhaa iliyopita, katika mtaa niliokulia, tulibeba jeneza la mzee wetu mmoja kwenda mavani. Tulipofika katikati ya njia tukakuta ukuta. Kile kichochoro tulichokizoea tangu utotoni, kinachopita ubavuni mwa kiwanja cha chuo jirani, kilikuwa kimezibwa. Tuliona matofali yakishushwa wiki zile, tukadhani wanakarabati ukuta wa zamani. Kumbe chuo kilikuwa kinapanua uwanja wake wa michezo. Ikabidi tuzunguke hadi barabara kuu, jeneza mabegani, matatu zikipiga honi, wazee wakiachwa nyuma. Mafundi waliposikia tahlili waliacha kazi wakasimama kwa heshima. Hakuna aliyetukosea adabu. Lakini ukuta ulikuwa umeshasimama.

Jioni ile barazani kila mtu alikuwa na lake. Kijana mmoja akauliza kwa hasira, "Hivi serikali ilikubali vipi bila kutuuliza?" Mama mmoja anayeuza mahamri karibu na lango la chuo akasema karatasi ilikuwa imebandikwa pale langoni siku nyingi tu. Aliiona kila asubuhi. Ilikuwa imeandikwa kwa Kizungu, herufi ndogo, naye akadhani ni tangazo la karo. Nilinyamaza, maana mimi pia nilipita pale kila siku, na Kizungu nakisoma. Sikusimama.

Nimekumbuka kisa hiki kwa sababu vyuo vyetu vya Pwani vinakua, na ninaposema chuo hapa simaanishi chuo cha Qur'ani, bali vyuo vya ufundi, vya ualimu na vyuo vikuu. Wanafunzi wakiongezeka, uwanja wa michezo nao hutakiwa uongezwe. Mpango kama huo lazima upitiwe na serikali ya kaunti kabla tofali la kwanza kulazwa. Wengi wetu hatujui mapitio hayo yanafanywaje, na ndipo tunapopoteza. Tunafika mlangoni kwa kelele wakati uamuzi umeshatiwa sahihi, ilhali sheria ilitupa nafasi ya kusema kwa karatasi moja ya maana kabla ya hapo.

Chuo nacho kina haki yake

Tuanze kwa insafu. Kijana anayesoma anahitaji mahali pa kukimbia na kucheza. Tunalia kila siku kuhusu mihadarati na magenge ya vijana, kisha chuo kikitaka kujenga uwanja tunakuwa wa kwanza kupinga? Haiwi. Na uwanja wa taasisi unaweza kuwa baraka kwa mtaa mzima. Mombasa, watu huswali Idi katika uwanja wa skuli ya Ronald Ngala mwaka baada ya mwaka. Ule ni uwanja wa skuli, lakini siku hiyo ni wa umma wote.

Shida ni kwamba uwanja unakula ardhi. Kiwanja cha mpira cha kiwango cha kimataifa ni mita 105 kwa 68, sawa na ekari 1 na robo tatu hivi. Chuo kikitaka kukizungushia njia za kukimbilia za mita 400, zile za watu 8 sambamba, kinahitaji kama mita 177 kwa 93, ambazo ni ekari 4 na kidogo. Hapo hatujahesabu majukwaa ya watazamaji, vyoo na maegesho ya magari. Kisiwani, Likoni, Malindi au Lamu, ekari 4 za bure zisizo na mtu, mti wala njia hazipatikani kirahisi. Kwa hiyo upanuzi hugusa kitu: kichaka, kichochoro, mtaro wa maji, au pale uwanjani watoto wa mtaa wanapocheza mpira wa makaratasi.

Nani anaamua?

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya kupanga matumizi ya ardhi na ujenzi katika eneo lake. Sheria inayoongoza kazi hiyo ni ile ya mwaka 2019 kuhusu mipango na matumizi ya ardhi. Inasema mtu au taasisi haiwezi kufanya maendeleo yoyote ya ardhi bila ruhusa ya kaunti. Na "maendeleo" si nyumba peke yake. Kubadilisha matumizi ya ardhi, kwa mfano kutoka shamba au makazi kuwa uwanja wa michezo, nako kunahitaji ruhusa. Anayejenga bila ruhusa anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa kifungo kisichozidi miezi 2, au vyote viwili. Haijalishi kama ni chuo, hoteli au mimi na wewe.

Ombi hupelekwa kwa waziri wa kaunti anayehusika na ardhi na mipango. Chuo huleta michoro, hati za ardhi na maelezo ya kinachokusudiwa. Baada ya hapo mambo mawili huenda pamoja.

La kwanza, kaunti ina siku 7 za kupeleka nakala za ombi kwa idara na mashirika mengine yanayohusika, kama vile ya maji, barabara, mazingira na ardhi. Nayo hupewa siku 14 za kutoa maoni.

La pili, mwombaji mwenyewe ana wajibu wa kuutangazia umma anachotaka kufanya. Tangazo linaweza kubandikwa kwenye ofisi za kaunti au kaunti ndogo, kuwekwa pale pale penye ardhi, kuchapishwa magazetini au kutangazwa redioni na kwenye televisheni. Mara nyingi tangazo huwapa watu siku 14 za kuleta maoni yao. Ile karatasi ambayo mama wa mahamri alidhani ni ya karo ilikuwa ni mwaliko wetu.

Kuna kifungu kingine ambacho kila mzee wa mtaa angefaa kukijua. Ikiwa mwombaji hatapata jibu la maandishi kutoka kwa kaunti ndani ya siku 60, ruhusa huhesabiwa kuwa imetolewa. Yaani kimya cha ofisi ni ndiyo. Kwa hiyo msijidanganye kwamba jambo limelala kwa sababu hamjasikia lolote. Siku zinahesabiwa hata faili likiwa na vumbi.

Maafisa huangalia nini?

Wengi hudhani afisa wa mipango hupima nani ana kelele nyingi, au nani anajuana na nani. Sitasema hayo hayatokei. Lakini sheria imemtajia mambo anayotakiwa kuyatazama: kama mradi unalingana na mpango wa eneo ulioidhinishwa, kama unadhuru afya, starehe na nafasi ya maisha ya jamii inayozunguka, kama unavunja masharti ya hati ya ardhi, hasa ardhi iliyokodishwa kwa miaka maalumu, na maoni ya idara nyingine pamoja na ya wananchi. Baada ya hapo anaweza kukubali, kukataa, au kukubali kwa masharti.

Shikeni hilo la tatu. Watu wetu wakisikia mapitio hudhani kuna majibu mawili tu, ndiyo au hapana. Masharti ndiyo mahali ambapo mtaa hupata kitu. Ni rahisi zaidi kwa afisa kuandika "ukuta uache njia ya mita 3 upande wa kusini" kuliko kukataa mradi mzima wa chuo chenye wanafunzi maelfu.

Chukueni maji. Sisi tunaijua mvua ya Mei. Ekari 1 ina mita za mraba kama 4,047, na kila milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya ekari moja iliyofunikwa kwa lami, saruji au sakafu ya mpira, ni zaidi ya lita 200,000. Ni sawa na malori 20 ya maji yenye lita 10,000 kila moja, yakimwagwa kwa pamoja. Nyasi na mchanga zingekunywa sehemu ya maji hayo. Saruji hainywi. Ikiwa chuo kiko juu ya mteremko na nyumba za mtaa ziko chini, mnajua yataenda kulala wapi.

Chukueni sauti. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaweka mipaka: nje ya nyumba za makazi ni desibeli 50 mchana na 35 usiku, na kwenye nyumba za ibada ni 40 mchana na 35 usiku. Usiku kwa mujibu wa kanuni hizo huanza saa 2:01. Sasa uwanja wenye vipaza sauti, mita chache kutoka msikitini, na mechi inayokwenda hadi saa 4 usiku, watu watasali vipi Isha, na taraweh katika Ramadhani? Hilo si suala la chuki ya mpira. Lina namba, na namba hizo ziko katika sheria za Kenya.

Mlango wa pili ni NEMA

Mbali na kaunti, kuna Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Mradi ulio katika orodha ya sheria ya mazingira ya 1999 hauwezi kuanza bila leseni yake, na hutanguliwa na ripoti ya athari kwa mazingira. Kwa miradi mizito hufanywa uchunguzi kamili, na ripoti yake hutangazwa ili umma utoe maoni. Uwanja unaogusa mikoko, ufuo au msitu wa kaya unastahili kuulizwa swali hilo mapema: leseni ya NEMA iko wapi, na ripoti yake tunaweza kuisoma wapi?

Kama kuna anayedhani maoni ya wananchi ni pambo tu, na atazame Lamu. Mwezi Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira iliifuta leseni ambayo NEMA ilikuwa imeipa kampuni ya Amu Power kujenga kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe. Waliopeleka kesi ni shirika la Save Lamu na wenzao. Sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo baada ya ripoti ya uchunguzi kuwa tayari. Mradi ule ulikuwa wa megawati 1,050, wenye nguvu na fedha nyuma yake. Wavuvi na wakazi wa Lamu hawakushinda kwa kupiga mawe. Walishinda kwa barua, kumbukumbu za mikutano na tarehe.

Njia ya zamani hailindwi na mazoea

Narudi kwenye kichochoro chetu. Wazee walisema, "Njia hii tumeipita tangu enzi za babu, hawawezi kuifunga." Sheria inasemaje? Kuna kanuni kwamba njia ikitumiwa kwa amani, waziwazi na kama haki, bila kukatizwa, kwa miaka 20, haki ya kupita inaweza kutambuliwa juu ya ardhi ya mtu mwingine. Lakini haki hiyo huthibitishwa mahakamani, kwa ushahidi, na gharama yake mnaijua. La pili, sheria hiyo hiyo ya ukomo wa mashtaka haiwaruhusu watu kujipatia haki ya namna hiyo juu ya ardhi ya serikali. Na vyuo vingi vyetu vimejengwa juu ya ardhi ya umma.

Basi mtaa uliokaa ukitegemea mazoea unaweza kujikuta mikono mitupu mahali ambapo unaegemea zaidi. Ndiyo maana zile siku chache za mapitio ni muhimu kuliko miaka yote ya kupita. Katika mapitio hamhitaji kuthibitisha umiliki. Mnahitaji kuonyesha kwamba jamii inaitumia njia ile na itaumia ikifungwa. Ikiwa mava au msikiti ule ni wakfu, iandikieni pia Tume ya Wakfu, kwa sababu barua yake ina uzito ambao barua ya mtu mmoja haina.

Barua yenye meno

Nimewahi kuona barua za pingamizi za mitaa yetu. Nyingi huanza kwa "Sisi wakazi tumekasirishwa sana" na kumalizikia hapo hapo. Afisa hawezi kuiweka hasira kwenye masharti. Barua ifuate mpangilio huu.

Iandikwe kwa waziri wa kaunti wa ardhi na mipango, itaje namba ya ploti na namba ya ombi kama ilivyo kwenye tangazo, na ipelekwe kabla ya siku kwisha. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe. Bila muhuri, kesho mtaambiwa hamkuleta kitu.

Mseme mnakaa wapi na umbali gani kutoka uwanjani. Kisha kila jambo lisimame peke yake na ushahidi wake. Njia: hutumiwa na nani, inaelekea wapi, picha hizi hapa. Maji: mtaro uko upande huu, nyumba hizi huingiwa na maji kila masika. Taa na sauti: msikiti uko mita kadhaa, kanuni za 2009 zinasema hivi. Baadaye mtaje sharti mnalotaka kwa kila jambo. Njia iachwe wazi kwa upana fulani. Mtaro ujengwe kabla ya sakafu ya uwanja, si baada. Taa zielekezwe chini na zizimwe saa fulani. Vipaza sauti visitumike nyakati za sala. Na watoto wa mtaa waruhusiwe kucheza siku maalumu, ikiwa upanuzi umechukua mahali pao.

Mnayo pia haki ya kuomba nakala za michoro na ripoti, chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na sheria ya upatikanaji wa habari ya 2016. Lakini ofisi hupewa hadi siku 21 za kujibu, nayo nafasi ya maoni mara nyingi ni siku 14. Hesabu haikubali. Kwa hiyo ombeni nakala siku ile ile mliyoona tangazo, na pingamizi lenu lisisubiri nakala. Mtaongeza baadaye.

Sahihi 40 ni nzuri, ila barua tano tofauti zenye hoja tano, za imamu, mwalimu mkuu wa skuli ya msingi, kikundi cha kina mama, wavuvi na mzee wa mtaa, mara nyingi hubeba zaidi. Mwakilishi wadi aarifiwe, lakini msimwachie yeye kazi. Yeye hatii sahihi ruhusa ile.

Ukishatoka uamuzi

Mkishindwa, bado si mwisho. Asiyeridhika ana siku 14 tangu uamuzi wa waziri wa kaunti kukata rufaa kwenye kamati ya rufaa ya mipango ya ardhi ya kaunti. Neno la sheria linampa nafasi mwombaji na pia "mwenye maslahi", ambaye anaweza kuwa jirani. Asiyeridhika na kamati huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kwa leseni ya NEMA, rufaa hupelekwa Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ndani ya siku 60. Kote huko, swali la kwanza mtakaloulizwa ni: mlisema nini wakati wa mapitio? Aliyekuwa na barua yenye muhuri huanza mbele. Aliyenyamaza huanza kwa kujieleza.

Nao wakuu wa vyuo nawaomba jambo moja. Tangazo la Kizungu langoni linaweza kutimiza sheria, lakini halitimizi ujirani. Liandikeni kwa Kiswahili pia. Mpelekeeni imamu na mzee wa mtaa nakala, mwite watu siku moja alasiri muwaonyeshe mchoro. Chuo kitakaa pale miaka 100, na jirani wake ni wale wale. Saa moja ya kukaa na watu ni nafuu kuliko kesi ya miaka.

Kwetu sisi nina pendekezo dogo, na halihitaji fedha. Kila mtaa uwe na vijana wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, ambao kazi yao kila wiki ni kupita kwenye ofisi ya kaunti ndogo na kwenye malango ya taasisi zilizo karibu, kusoma yaliyobandikwa na kuyapiga picha. Baada ya sala ya Ijumaa yasomwe kwa Kiswahili barazani, na kina mama wayapate kwenye vikundi vyao. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi hatukuziba ufa, na ukuta wakajenga wengine.

Kile kichochoro hakikufunguliwa tena. Mpaka leo maiti wetu huzungushwa barabara kuu. Kila nikipita pale langoni sasa husimama, hata kama kilichobandikwa ni tangazo la karo.